Jina la Mashine ya Nyuma

Jumatatu moja ya Agosti 1999, saa nne kasorobo asubuhi, Nicodemus Mokaya alikuwa amepiga magoti nyuma ya kompyuta akiipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Chumba hicho zamani kilikuwa cha kufulia mashuka ya hospitali, na sabuni haikuwahi kukitoka. Siku za joto ukuta ulitoa povu kidogo. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, nje ya mji wa Migori, kando ya barabara ya kwenda Isebania. Nicodemus alimaliza kupuliza, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu nne. Mashine ikaanza kulia.

Haikulia kwa ule mlio wa kifaa kilichoharibika. Ililia kama mtoto mchanga wa siku mbili tatu, kwa pumzi fupifupi, ikinyamaza kidogo kumeza mate kisha ikiendelea. Nicodemus aliandika katika daftari lake la kazi: "Saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Ya nyuma inalia." Halafu akaenda kuitazama ya mbele.

Mashine zilikuwa mbili. Ya mbele ilikaa mapokezi, nyuma ya kioo, na kazi yake ilikuwa kupokea maombi kutoka kompyuta za wodini na kuonyesha majibu. Yenyewe haikujua lolote. Kila ombi ililisukuma kwenye waya wa buluu hadi kwa ile ya nyuma, yenye programu ya kuamua: mgonjwa huyu tunamjua, dawa yake ipo, namba yake hii hapa. Namba ikirudi mbele, muuguzi huiandika kwenye karatasi, na karatasi hupelekwa stoo ya dawa. Wafadhili walileta mpango huo baada ya kugundua kwamba makatoni ya dawa zao yalikuwa yanavuka mpaka pale Isebania na kuuzwa Sirare kweupe. Tangu hapo mlango wa stoo ukabandikwa tangazo, BILA NAMBA HAKUNA DAWA, na mtunza stoo aliyempa mama mmoja vidonge kwa huruma akafutwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Aliyechukua nafasi yake, Mzee Ongeri, alikuwa mtu wa kujifunza kwa makosa ya wenzake.

Siku hiyo ya mbele iliijibu kila wodi maneno yaleyale: "Huduma haipatikani. Subiri."

Nicodemus hakubabaika. Alikuwa amesomea kazi hii miezi mitatu Nairobi na cheti chake kilikuwa kimetundikwa sebuleni juu ya redio. Alikagua waya wa buluu, akaubadilisha na mwingine. Alizima zote mbili, akawasha ya nyuma kwanza na ya mbele baadaye, kama kitabu kilivyoagiza. Akasoma kumbukumbu za ya mbele: ombi limetumwa, limetumwa, limetumwa. Akasoma za ya nyuma: ombi limepokewa, limepokewa, limepokewa, kisha hakuna kitu. Ilikuwa inasikia na haitaki kuitika. Akaondoa kile kipande cha programu kinachoziunganisha, akakipakia upya kutoka kwenye disketi sita, na disketi ya tano ikagoma mara mbili. Ilipofika saa kumi alikuwa amefanya kila lililoandikwa kitabuni, na mashine ilikuwa bado inalia, sasa kwa sauti ya kukauka koo.

"Hiyo kelele inafika mpaka ofisini kwangu," alisema Bwana Oliver, msimamizi wa hospitali, akiwa amesimama mlangoni. "Fundi, tafadhali."

"Naishughulikia, bwana."

Kazi ingekuwa kazi tu, kama nyingine, lau si Valentine. Valentine alikuwa binti wa pekee wa Nicodemus, umri miaka tisa, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wiki hiyo alilazwa wodi ya watoto kwa sababu ya kidonda cha mguu. Chupa yake ya insulini ilibaki na dozi ya mwisho, na dozi hiyo alichomwa Jumanne jioni. Muuguzi alituma ombi la chupa mpya. Ya mbele ikamwambia asubiri.

Nicodemus alizunguka maduka ya dawa ya Migori yote, hawakuwa nayo. Alipiga simu Kisii, wakamwambia Jumanne ijayo. Alipiga Homa Bay, kwenye hospitali ya pili ya misheni hiyohiyo, wakasema ya kwao imekwisha na wao pia wanasubiri. Basi akaenda stoo.

Stoo ilikuwa na dirisha la wavu, na mbele yake benchi refu la mbao. Mzee Ongeri alimwona akija, akafungua mlango wa friji ili wote wawili waone. Kwenye rafu ya juu palikuwa na chupa moja ya insulini, ndogo, ya kifuniko cha chungwa.

"Ni hiyo," alisema Ongeri. "Ninaiona vile unaiona."

"Mzee, mtoto wangu unamjua. Alikuletea mahindi ya kuchoma wiki iliyopita."

"Namjua sana. Lete namba."

"Mimi ndiye ninayetengeneza hizo namba!"

"Sasa si uende utengeneze?" Ongeri hakuwa anamdhihaki. Macho yake yalikuwa mekundu, na alifunga friji polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. "Niko na watoto watano, Nico. Ile siku yule mwenzangu alifutwa, mimi ndio nilimbebea sanduku hadi geti."

Jumatano asubuhi Valentine alikunywa majagi mawili ya maji na akaomba jingine. Mchana pumzi yake ikaanza kunuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kemuma, mama yake, aliketi kando ya kitanda akimpepea kwa kipande cha katoni, na mumewe alipoingia hakuinua kichwa.

"Watu wa hapa wanasema wewe ni mkubwa wa hizo mashine," alisema. "Sema nayo basi. Mimi sijui lugha yake."

Nicodemus aliogopa, na woga huo hakuwa ameuzoea. Alikuwa mtu wa vitu vyenye skrubu, ambavyo ukivifungua unaona kasoro iko wapi. Akarudi katika chumba cha kufulia, akaketi sakafuni mbele ya mashine, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake chenye joto. "Unataka nini?" aliiuliza. Ikamlilia usoni.

Aliyempata katika hali hiyo ni Priscah, mama wa makamo aliyesafisha hospitali hiyo tangu wakati wa masista wa Kiholanzi. Alikuwa na ndoo na kitambaa cha kupangusia sakafu. Aliisikiliza mashine kidogo, kichwa upande, kama wanawake wanavyosikiliza chungu kujua kimeiva au la.

"Hii kitu mmeita jina gani?" akauliza.

"Wafadhili waliiita Seva Mbili."

"Hiyo ni jina ama ni hesabu?" Priscah aliweka ndoo chini. "Nico, hii mtoto inakataa jina. Kwani kwenu Kisii hakuna? Mtoto akizaliwa na analia hivi, hanyonyi, halali, unajua kuna mtu alikufa anataka arudi kwa jina yake. Unaita majina ya wale wamekufa, moja moja. Ukifika kwa mwenyewe, mtoto ananyamaza. Shangazi yangu alilia siku nne wakidhani ni tumbo."

Kwao pia desturi hiyo ilikuwepo, na Nicodemus aliijua vizuri. Zaidi ya hayo, kitabu chenyewe kilikuwa na ukurasa unaosema kwamba ya mbele lazima iite ya nyuma kwa jina ambalo ya nyuma inalikubali, la sivyo maombi yatapokewa bila kujibiwa. Alikuwa ameusoma ukurasa huo mara tatu na kuuruka mara tatu, kwa kuwa jina lilikuwa limeandikwa sawasawa. Hakuwa ameiuliza mashine.

Habari zilimfikia Bwana Oliver, naye hakuona ubaya, mradi jambo lifanyike kwa utaratibu. Alileta orodha iliyopigwa chapa. Jumatano alasiri walisimama chumbani, msimamizi akisoma, Nicodemus akiandika kila jina kwenye faili la majina na kuziwasha mashine upya, ya nyuma kwanza. Walianza na padri aliyeijenga hospitali. Mashine ililia. Wakaita padri aliyemfuata, daktari wa kwanza, chifu wa zamani aliyetoa kiwanja, na marehemu baba wa mwenyekiti wa wafadhili, ambaye hakuwahi kukanyaga Kenya lakini Bwana Oliver aliona ni adabu kumkumbuka. Kwa jina hilo la mwisho mashine ililia hadi taa zikafifia jengo zima. Saa kumi na moja msimamizi alikunja orodha yake akaenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi Valentine alikuwa anavuta pumzi ndefu, nzito, za mtu mzima anayepanda mlima. Alimtambua baba yake, lakini alipoulizwa kama anataka kitu alijibu kwamba anataka kulala. Daktari alimtundikia dripu ya maji, akamwita Nicodemus kando na kumwambia kwamba maji peke yake yatamfikisha jioni. Hakumung'unya maneno. Nicodemus alikimbia kutoka wodini, mtu mzima na tai yake, akakata kona ya maabara na kumkuta Priscah akianika vitambaa.

"Mama, nisaidie. Tumeita wakubwa wote."

"Mimi nilisikia mkiita. Nikasema hawa wanaita watu walikufa na shibe." Akabana kitambaa kwa kibanio. "Nani alikufa kwa sababu ya hii kitu?"

"Hakuna mtu. Ripoti inasema hakuna."

"Kulikuwa na mama wa Kisegi, muuza samaki za omena. Alikuja mwezi wa tatu, ile siku mashine ilikuwa imezimika. Wakamwambia akae kwa benchi ya stoo, namba inakuja. Alikaa kutoka asubuhi. Saa kumi nikaenda kupangusa hiyo benchi nikamwambia mama inua miguu kidogo. Hakuinua." Priscah alifuta mikono kwenye aproni. "Dorsila Awino. Aliniambia jina yake asubuhi, kwa sababu nilimuuliza."

Katika chumba cha kufulia, ambacho dirisha lake lilikuwa wazi hatua ishirini kutoka hapo, mashine ilinyamaza katikati ya kilio.

Nicodemus alilijua jina hilo. Kila jioni alipaswa kuchapisha ripoti ya wafadhili, na ripoti ilikuwa na mstari wa maombi ambayo hayakujibiwa. Mwezi wa pili mstari huo ulisoma tisa, na wafadhili wakaandika barua ya kuuliza kama hospitali ina uwezo wa kuendelea na mradi. Bwana Oliver alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamwambia kwamba ombi lisilojibiwa si ombi, ni takataka za mashine, na takataka huondolewa jioni. Tangu siku hiyo Nicodemus aliziondoa. Ilimchukua dakika mbili. Tarehe kumi na mbili Machi aliondoa mstari mmoja tu: Awino, Dorsila, Kisegi, insulini. Alikumbuka hata kwamba siku hiyo aliwahi kufika nyumbani.

Hakumwambia Priscah. Aliingia, akaandika jina hilo kwenye faili la majina, herufi kwa herufi, mahali pa Seva Mbili. Akawasha ya nyuma, kisha ya mbele. Taa ya kijani ikatulia. Wodini kompyuta zote zikajibu kwa pamoja, na mtu mmoja maabara akapiga makofi.

Lakini kwa insulini ilikuwa imetoka namba moja tu, na haikuwa ya Valentine. Ya nyuma ilijibu maombi kwa kufuata tarehe, kama Nicodemus mwenyewe alivyoiagiza, na ombi la zamani kuliko yote lilikuwa limerudi mahali pake kana kwamba halikuwahi kuondoka. Namba 0001, Awino, Dorsila. La Valentine lilikuwa chini yake, na kando yake pameandikwa: "Dawa imetengwa kwa mwingine. Subiri."

Alipofika stoo, mama huyo alikuwa ameketi kwenye benchi. Alikuwa amevaa leso ya buluu na ndala, na kikapu chake kitupu kilikuwa miguuni. Alinuka omena kidogo. Mzee Ongeri alikuwa amemtolea chupa kwenye friji na kuiweka dirishani, akiwa na daftari la kutia sahihi mkononi.

"Mzee, huyu mama alikufa," alisema Nicodemus.

"Alikufa, ndiyo. Nilikuwa hapa." Ongeri alionyesha karatasi. "Lakini ako na namba."

Nicodemus akaketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Mama, shikamoo," alisema, ingawa watu wa huko hawaamkiani hivyo.

"Niko mzuri. Wewe ndio fundi?"

"Ni mimi."

"Siku ile niliuliza fundi ni nani. Nilitaka kumuuliza kama nitangoja sana, nijue kama nitawahi gari ya Kisegi. Wakasema uko na kazi mingi."

"Sikukuona, mama. Nisamehe. Haki ya Mungu sikukuona."

"Uliona jina," alisema Dorsila, bila ukali, kama mtu anayesahihisha chenji. "Mtoto ni wako, ule wa kitanda ya dirisha?"

"Ni wangu. Ni huyo mmoja tu."

"Nimepita nikamwangalia. Amebaki na kidogo sana." Aliitazama ile chupa dirishani. "Mimi sikatai, nyathina, mtoto wangu. Hii dawa sasa nitaipeleka wapi? Lakini mzee hapa anasema namba ni yangu na hawezi pea mtu mwingine, na mimi sijui kuandika sahihi ya kuikataa."

"Haina mahali ya kukataa," Ongeri alithibitisha akipekua daftari. "Ilichapwa hivyo."

Kutoka wodi ya watoto, ng'ambo ya ua, ilisikika sauti ya Kemuma akimwita binti yake, mara moja, mara mbili, kwa jina zima.

"Kuna njia moja," alisema Dorsila. "Wewe unaijua."

Nicodemus alielewa. Alilia pale kwenye benchi mbele ya watu wenye karatasi zao, makamasi na machozi, na hakuna aliyeshangaa kwa kuwa benchi hilo lilizoea. Alimwomba mama huyo msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii, kisha akaishiwa na lugha. Dorsila alimpigapiga mgongoni mara tatu, mkono wake ukiwa baridi kama kitu kilichotoka ziwani. "Enda," akamwambia. "Mtoto hangoji."

Akaenda. Katika chumba cha kufulia alifungua orodha, akaweka alama kwenye mstari wa kwanza, na safari hii akausoma wote kabla ya kubonyeza. Haikuchukua dakika mbili. Ilichukua sekunde moja, na namba 0002 ikatoka kwa jina la binti yake. Alipotazama dirishani alimwona Dorsila Awino akisimama, akikung'uta leso yake, akiokota kikapu na kutembea bila haraka hadi getini. Askari alimuuliza kama ametibiwa, kwa sababu lazima aandike. Akaandika: ametoka.

Valentine alichomwa sindano saa sita na dakika kumi. Jioni alifumbua macho akauliza kama kuna chapati, na Kemuma akacheka kwa sauti kubwa hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Nicodemus alimshika mtoto wake mguu usio na kidonda na hakutaka kuuachia. Furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, na hakuweza kumtazama mtu yeyote machoni.

Mashine haikulia tena. Ilifanya kazi vizuri, kwa jina lile, na Bwana Oliver aliridhia libaki maadamu halionekani kwenye skrini za wodini. Siku moja Nicodemus aliiandikia swali, kumtafuta Awino, Dorsila, wa Kisegi. Ikajibu upesi kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo. Tangazo la stoo lilichakaa kwa mvua, likachapishwa jipya, kubwa zaidi. Ripoti ziliendelea kwenda kwa wafadhili zikiwa safi, nao wakafurahi, wakainunulia hospitali ya Homa Bay mashine mbili kama zile.

Simu ya Bonface, fundi wa Homa Bay, ilikuja Oktoba, asubuhi ya Jumatatu. Valentine alikuwa amefunga shule kwa mapumziko mafupi na alikuwa ofisini kwa baba yake, akichora ng'ombe nyuma ya karatasi za printa.

"Nico, mambo ni mbaya," alisema Bonface. Nyuma yake kilio kilisikika wazi. "Tangu jana. Nimebadilisha waya, nimeita mapadri wote, nimeita hata askofu na bado ako hai."

"Wacha mapadri. Uliza mtu wa usafi ni nani alikaa kwa benchi."

"Nimeuliza. Nimepata. Ni mzee mmoja wa kutoka huko visiwani, na saa hii ako hapa nje amekalia namba ya kwanza. Nyuma yake kuna wagonjwa kumi na wawili bado wako hai, Nico, na wengine ni watoto." Aliisogeza simu karibu na mdomo. "Sasa nafanya nini?"

Nicodemus alimtazama binti yake, ambaye alikuwa anampaka ng'ombe rangi ya kijani. Akamsomea Bonface amri ya kufuta, herufi kwa herufi, polepole, na kwenye simu akasikia kalamu ikiandika.

"Na huyu mzee nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu," alisema Nicodemus. "Atasimama mwenyewe. Ambia askari tu amfungulie geti."